Babu yetu mdogo aliondoka na KAR akiwa kijana na hakurudi: kwenye jiwe tuandike alifia wapi?

#1 Mjukuu_wa_Butere

Salamu kwenu wanajamvi. Ninaleta jambo la nyumbani, ingawa nadhani wengi humu mna la kwenu linalofanana nalo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na mdogo wake aliyeandikishwa katika King's African Rifles, yaani KAR, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipanda gari moshi hadi Mombasa, akapanda meli, na tangu hapo hakuonekana tena. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto wala shamba, na kama si nyanya, aliyekuwa akimtaja kila Krismasi kabla ya watu kugusa chakula, hata jina lake lingekuwa limetutoka. Sasa ukoo umekubaliana kwamba Desemba, tutakapokutana Butere, tumsimamishie jiwe kando ya kaburi la kaka yake. Mchonga mawe tuliyempata hapa Nairobi ameshapokea malipo ya awali na anadai maneno. Jina tunalo, na mwaka wa kuzaliwa tumeukadiria kuwa karibu na 1923. Tatizo ni mstari wa tatu: alifia wapi, na lini?

Wazee wa kijijini wanasema Burma. Baba anasema baharini. Shangazi mkubwa anashikilia kwamba alionekana Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, vita vikiwa vimekwisha, kwa sababu mwaka wa 1946 alikuja mtu mwenye koti la jeshi akamwambia hivyo mama yake marehemu. Vielelezo tulivyo navyo ni viwili tu. Kimoja ni picha ya studio, na cha pili ni cheti cha ubatizo cha huyo shangazi, cha Machi 1944, ambacho tunakitegemea kwa kuwa nyanya alisisitiza kwamba kijana aliondoka akiwa yeye bado ana mimba ya mtoto huyo.

Nimepita Kenyatta Avenue penye zile sanamu tatu za watu wa Burma, nikazunguka pande zote, na sikuona jina la mtu yeyote.

#2 Kijana_wa_JogooRoad

Ndugu yangu, ukitaka watu wa Burma shuka City Stadium uingie soko la Burma, utawakuta wamejaa na kila mmoja ana kisu na mguu wa ng'ombe.

Baada ya utani huo, pole kwa ukoo. Nafuatilia.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Mjukuu, sanamu zile hazihusiani na Burma hata kidogo. Zilizinduliwa mwaka wa 1928 kwa ajili ya Vita vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, na mchongaji wake alikuwa James Alexander Stevenson, ambaye pia ndiye aliyetengeneza sanamu ya askari iliyoko Dar es Salaam. Zile za kwetu ni za watu watatu: askari wa KAR, askari Mwarabu na mpagazi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Haya yameandikwa mahali ambapo, kama ulivyoona, hakuna jina hata moja.

Wapagazi wale ndio walioupa mtaa wa Kariokor jina lake, kutokana na Carrier Corps. Babu yenu mdogo ni wa vita vilivyofuata, na hiyo ni nafuu kwenu, kwa sababu katika vita vya pili Waafrika wengi zaidi waliandikwa kwa majina.

#4 FundiSaa_Kariokor

Mwalimu amesema kweli kuhusu Kariokor, na nimwongezee kwamba vijana wengi wanaokula mbuzi pale hawajui kabisa jambo hilo. Mwandishi wa uzi, tueleze hiyo picha. Amevaa nini kichwani, na begani kuna nini?

#5 Mjukuu_wa_Butere

Picha ni ndogo na kona moja imeliwa na mchwa. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi, mkono mmoja ameuweka kwenye kiti ambacho hakukikalia. Amevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Kaptura imemzidi ukubwa na imekazwa kiunoni na mkanda hadi imejikunja. Begani kuna kibandiko chenye umbo la yai, na ndani yake kuna kitu cheusi ambacho baba anasema ni kichwa cha mnyama. Mimi naona doa tu. Nyuma ya picha hakuna maandishi.

#6 Askari_Mstaafu

Kama ni kichwa cha kifaru, hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliundwa mwaka wa 1943, ikapelekwa Ceylon kwa mafunzo, kisha ikaingizwa Burma katikati ya mwaka wa 1944. Usiipige picha hiyo kwa simu. Ipeleke kwa wenye skana, uitake kwa ukubwa wa juu kabisa, kisha utazame umbo la pembe.

Kwa maoni yangu wazee wa kijijini wana haki. Divisheni hiyo ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa ya 1944, barabara zikageuka tope, malori yakakwama, na watu wakaugua malaria na ile homa ya taifasi inayoenezwa na utitiri wa vichakani. Walipigana hadi Kalewa, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimfahamu kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliofika sehemu hizo. Ambao makaburi yao hayajulikani, majina yao yamo kwenye ukumbusho wa Rangoon, ulioko Taukkyan, kaskazini ya Yangon, pamoja na majina mengine yanayokaribia 27,000. Andikeni Burma, 1944, na kazi imekwisha.

#7 Mpenda_Ramani

Kazi haijaisha, Afande. Kabla ya Burma kuna bahari, na baba yake Mjukuu hakulitoa neno hilo hewani.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo katika msafara wa meli kadhaa. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga kwa topido mchana kweupe. Meli ilizama kwa takriban dakika 2. Aliyekuwa chini kwenye vyumba vya askari hakuwa na nafasi hata ya kufikia ngazi. Waliokufa ni 1,297, wakiwemo wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi.

Waliofanikiwa kuelea hawakuwa wamesalimika bado. Nyambizi ilijificha chini yao, na manowari za Kiingereza Petard na Paladin zilikuwa na kazi ya kuizuia isizishambulie meli nyingine za msafara. Petard ikapita ikidondosha mabomu yanayolipukia chini ya maji, mahali palepale ambapo watu walikuwa wakiogelea. Nyambizi ilizamishwa baadaye siku hiyo. Waliookolewa walizidi 200 kidogo tu.

Sasa tazama cheti chako. Mtoto amebatizwa Machi 1944, na kijana aliondoka akiwa tumboni. Hesabu hiyo inamweka Mombasa mwishoni mwa 1943 au mwanzoni mwa 1944. Majina ya waliozama hayako Burma wala Maldives. Yako hapa mjini, Ngong Road, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita. Huenda umepita pale kwa matatu kila siku.

#8 Msomaji_Kimya

Nimeishi Ngong Road tangu utotoni na habari ya meli hii naisikia leo. Asante.

#9 Askari_Mstaafu

Mpenda_Ramani, habari ya meli naijua, na ni kweli. Lakini unamfanya kijana kuwa mtu wa mizinga ili aingie kwenye hadithi yako. Mjukuu amesema KAR, na KAR ni askari wa miguu.

#10 Mpenda_Ramani

Kijijini kila aliyevaa sare aliitwa mtu wa KAR, awe wa mizinga, dereva, mpishi au mchimba mitaro. Kule kwetu Magharibi wanaitwa Keya, yaani KAR, mpaka leo, na wapo watoto waliopewa jina hilo ambao babu zao hawakuwahi kushika bunduki. Neno la familia kuhusu kikosi si ushahidi. Namba yake ya jeshi ndiyo ingekuwa ushahidi.

#11 Dada_wa_Buruburu

Naomba nami niseme, kwa sababu ya huyo mtu wa koti la jeshi.

Babu yangu alirudi mwaka wa 1946. Alitembea nyumba kwa nyumba katika tarafa yetu kupeleka habari za wenzake, kwa kuwa alikuwa amewaahidi, na kwa kuwa barua za serikali nyingi ziliishia kwa chifu. Alipokuwa mzee sana alimwambia mama yangu kwamba nyumba ya kwanza aliyoingia alisema ukweli wote, yaani jinsi kijana alivyougua, alivyoharisha, na alivyozikwa kwa blanketi pembeni mwa njia. Mama wa kijana hakulia. Alimtengea babu ugali, akakaa mbele yake, akamtazama akila mpaka akamaliza, kisha akamwomba asirudi tena katika boma lile. Kuanzia nyumba ya pili babu alibadilisha maneno. Akawa anasema, "Nilimwacha hospitali ya Ceylon, anaendelea vizuri, atakuja na meli ya nyuma." Alisema hivyo hata kwa wale aliowazika kwa mikono yake.

Sisemi kwamba mtu aliyekwenda Butere alikuwa babu yangu, wala kwamba alidanganya. Nasema shangazi yako asiliegemee sana neno la Ceylon.

#12 Mjukuu_wa_Butere

Dada, nimeyasoma maneno yako mara nyingi. Sijui nitamwambiaje shangazi.

#13 Kijana_wa_JogooRoad

Usimwambie kitu. Ana zaidi ya miaka 80, mwacheni na Ceylon yake.

#14 MzawaPumwani

Mbona Ceylon haiwezekani? Nimewahi kuona video ya watu weusi wa Sri Lanka wakicheza ngoma, na nyuso zao ni za kwetu kabisa. Yawezekana vijana wa KAR walioa huko wakatulia. Mwenye miaka 20, hana mke, hana shamba nyumbani, akakuta minazi na bahari, atarudi Butere kufanya nini?

#15 Mwalimu_Mstaafu

Watu hao uliowaona wapo Ceylon tangu enzi za Wareno. Waliletwa kutoka pwani ya Afrika kama watumwa na askari, wengine wakaongezwa na Waholanzi na Waingereza, na baadhi ya wazao wao bado wanaishi karibu na mji wa Puttalam. Hawakutokana na KAR. Isitoshe, jeshi liliwahesabu watu wake wakati wa kuwarudisha, na askari mmoja mweusi kutoroka katika kisiwa hicho na kusahauliwa si jambo rahisi.

#16 MzawaPumwani

Si rahisi, lakini halishindikani, Mwalimu. Na mkikataa la Ceylon nina la pili, hili nimelishuhudia kwa macho yangu. Hapa kwetu Majengo kulikuwa na mzee aliyezikwa nikiwa kijana. Alikuwa fundi wa viatu, Mwislamu, jina zuri la Kiislamu, hana ndugu. Siku ya maziko wakatokea watu kutoka bara wakalia kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kumsikia akiitamka. Kumbe alirudi vitani akashuka stesheni ya Nairobi, na safari yake ikaishia hapo. Hakutaka kurudi nyumbani kwa sababu ambazo alikwenda nazo. Walimtafuta miaka yote hiyo huko Burma, naye alikuwa akishona viatu mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya mabasi ya Machakos Airport.

#17 FundiSaa_Kariokor

Kisa hiki nakiamini. Mji huu umeficha watu wengi kuliko msitu wa Burma.

#18 Wakili_wa_Mtaa

Naomba niulize swali la kisheria. Je, mtu huyu aliwahi kutangazwa kuwa amefariki? Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu adhaniwe kuwa amekufa ikiwa kwa miaka 7 hakuna aliyepata habari zake miongoni mwa wale ambao kwa kawaida wangezipata. Kama wakati wa upimaji wa mashamba fungu lake liliingizwa kwa jina la kaka yake, jiwe lenye tarehe linaweza siku moja kuletwa mahakamani na mtu asiyetarajiwa.

#19 Kijana_wa_JogooRoad

Wakili keshanusa shamba. Mjukuu amesema wazi kwamba kijana hakuacha shamba.

#20 Wakili_wa_Mtaa

Kila ukoo husema hivyo hadi siku ya hati kufunguliwa. Nimemaliza.

#21 Jaduong_wa_Umoja

Wakili ameuliza la kwake, nami niulize la kwangu: mlimzika? Kwetu Wajaluo, mtu akipotelea majini au ugenini na mwili usipatikane, tunda la yago, ambalo Waswahili huita mwegea, huchukuliwa na kuzikwa mahali pake kwa taratibu zote. Nasikia ninyi Waluhya hutumia mgomba. Jiwe bila kitu chini yake ni tangazo tu. Wazee wenu wamesema nini?

#22 Mjukuu_wa_Butere

Umegusa penyewe. Wazee wawili wanataka mgomba uzikwe kwanza, jiwe lifuate. Kasisi wetu amesema atakuja kuliombea jiwe lakini hatasimama mbele ya shina la mgomba. Baba yuko katikati. Anasema mama yake kijana alikataa mgomba tangu mwaka wa 1946 kwa sababu ya yule mtu wa koti. Kama mwana yuko hospitali Ceylon na atakuja na meli ya nyuma, unamzikaje?

#23 Dada_wa_Buruburu

Ndiyo hiyo, Mjukuu. Ndiyo hiyo hasa.

#24 Mama_Wawili

Sikutaka kuandika katika uzi huu. Mume wa dada yangu alikuwa El Adde, Somalia, kambi ya jeshi letu iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Jeneza lilikuja baadaye, na tulishauriwa tusilifungue, nasi tukatii. Dada anaamini aliyemzika ni mumewe. Mama mkwe wake haamini, na kila gari linaposimama barabarani usiku huwasha taa ya nje. Wote wawili ni watu wenye akili timamu, wote wanakwenda kwenye kaburi lilelile kila Januari, na hawajawahi kulijadili jambo hili wakiwa pamoja. Kwa hiyo mnaposema kwamba mambo haya ni ya zamani za KAR, mimi nayasoma kwa namna nyingine.

#25 Askari_Mstaafu

Pole sana, dada. Niliwafahamu baadhi ya waliokuwa kule.

#26 Mpenda_Ramani

Pole, Mama_Wawili.

Mjukuu, tufanye kazi inayoweza kufanyika. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ambapo unaweza kutafuta mtu kwa jina, kwa kikosi au kwa tarehe ya kufa, nayo hueleza jina liko katika ukumbusho gani. Usitafute kwa jina kama mnavyoliandika nyumbani. Karani wa kuandikisha aliandika alivyosikia, na kwa kijana wa Kiluhya angeweza kuacha W ya mwanzo, kugeuza B kuwa P, au kuchukua jina la baba likawa ndilo jina pekee. Anza na tarehe 12 Februari 1944, vuta orodha yote ya wa mizinga, uisome kwa sauti. Sikio litatambua kile ambacho jicho limekiruka. Kisha fanya vivyo hivyo kwa KAR na ukumbusho wa Rangoon, Agosti hadi Desemba 1944.

#27 Mwalimu_Mstaafu

Ushauri mzuri, ila asitarajie kwamba kutokuwepo kwa jina ni dalili ya kwamba hakufa. Ripoti iliyoagizwa na Kamisheni hiyohiyo na kuchapishwa Aprili 2021 ilikiri kwamba kutokana na Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Nilisema vita vya pili viliandikwa vizuri zaidi. Sikusema viliandikwa vyote.

Pia hamjauliza kama aliondoka Afrika kweli. Mwaka wa 1942 askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Madagascar, wengine walikuwa wamepigana Somalia na Uhabeshi mwaka wa 1940 na 1941, na vikosi vya kazi vilipelekwa Misri na Mashariki ya Kati. Wazee huweka vita vyote hivyo katika kapu moja wakaliita Burma.

#28 Askari_Mstaafu

Kibandiko cha kifaru kinaondoa Uhabeshi na Madagascar, Mwalimu. Divisheni hiyo haikuwepo wakati huo.

#29 Mwalimu_Mstaafu

Kama ni kifaru. Mwenye picha mwenyewe ameona doa.

#30 Mjukuu_wa_Butere

Nimerudi, wanajamvi, na nina mambo mawili.

La kwanza, picha imepigwa skana kwenye duka moja la River Road. Umbo la yai liko wazi, na ndani kuna kitu chenye pembe. Kijana wa duka, ambaye sikumweleza chochote, alisema ni kifaru. Msichana aliyekaa naye akasema ni mbuzi.

La pili ni zito zaidi. Nilisoma orodha kwa sauti kama nilivyoelekezwa, usiku, hadi mke wangu akauliza kama ninasali. Nimepata majina mawili. Moja liko kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, mtu wa mizinga, 12 Februari 1944, na limeandikwa karibu sawasawa na letu isipokuwa herufi ya kwanza. La pili liko kwenye ukumbusho wa Rangoon, askari wa KAR, Novemba 1944, na lina jina letu pamoja na jina la babu mkuu lakini yamepinduliwa, la baba likiwa mbele. Yote mawili hayana umri, wala kijiji, wala wilaya.

Jumamosi nilikwenda Ngong Road. Nyasi zimekatwa fupi, makaburi yamepangwa kwa mistari, na nje ya ua matatu zinapiga honi kama kawaida. Nililikuta lile jina. Herufi zake ni ndogo kuliko nilivyotarajia, na juu na chini yake kuna majina ya watu wa Nyasaland, Uganda na Tanganyika, wote wa siku hiyo moja. Mtunza bustani aliuliza kama ni ndugu yangu. Nikamjibu kwamba bado hatujaelewana.

#31 FundiSaa_Kariokor

Jibu zuri hilo.

#32 Mpenda_Ramani

Mimi nashikilia la Ngong Road. Herufi moja ya mwanzo si kitu, na tarehe ya kuondoka inakubaliana na cheti cha ubatizo.

#33 Askari_Mstaafu

Nami nashikilia la Rangoon. Jina la baba karani hawezi kulibuni. Majina mawili kwa pamoja, hata yakiwa yamepinduliwa, yana uzito kuliko moja lenye herufi pungufu. Kifaru pia kipo, msichana wa River Road aseme asemavyo.

#34 Mwalimu_Mstaafu

Kumbukeni kwamba majina yenyewe ni ya kawaida sana katika sehemu zile. Yawezekana yote mawili ni ya watu wengine, na nyumba zao nazo zinauliza swali hilihili.

#35 MzawaPumwani

Au yuko Lang'ata, amezikwa kwa jina jingine. Nimesema tu.

#36 Jaduong_wa_Umoja

Yote haya hayazuii mgomba. Mgomba hauulizi Burma au bahari.

#37 Mama_Wawili

Mjukuu, kabla ya kumpa mchonga mawe mstari wa tatu, mpelekee shangazi yako majina yote mawili yakiwa yamechapishwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Msimwambie lipi mnaloliamini. Huenda alimsikia nyanya akitaja kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

#38 Mjukuu_wa_Butere

Nimefanya hivyo jana kwa simu ya video, binamu yangu akimshikia karatasi. Aliyasoma yote mawili, akanyamaza, akauliza ni lipi kati yao lililokuwa na koti. Hatukumwelewa, naye hakutaka kufafanua. Kisha akasema jiwe liandikwe jina alilopewa na mama yake, si la karani, na kwamba mambo ya wapi na lini yeye hayataki kwenye jiwe maadamu bado anapumua.

Baba amekubali kuacha nafasi tupu chini ya jina. Mchonga mawe anasema nafasi tupu analipisha sawa na maandishi, kwa sababu jiwe ni lilelile. La mgomba bado halijaamuliwa.

#39 Wakili_wa_Mtaa

Nafasi tupu ni salama kisheria.

#40 Askari_Mstaafu

Nitumie majina yote mawili kwa faragha, pamoja na namba za jeshi zilizoandikwa kando yake. Wiki ijayo nina shughuli Moi Avenue, nitaingia pale kwenye Nyaraka za Taifa niulize kama kuna faili za uandikishaji za wilaya yenu za mwaka wa 1943. Mpenda_Ramani, kama una muda njoo, ila mabishano ya mizinga uyaache nje ya mlango.

#41 Mpenda_Ramani

Nitakuja, Afande. Naleta orodha yote ya tarehe 12 Februari.